Sehemu Ambayo Benedikta Hakuisoma

Kupitia Duka la Onesphory,
Mchafukoge, Dar es Salaam
16 Februari 1975

Kwa mdogo wangu Theophil,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku tupo wazima, joto tu ndilo linalotuonea, mpaka kuta za nyumba zinatoka jasho. Mama ameniletea salamu kutoka Kilema kwa mtu wa basi. Goti lake limetulia, migomba imezaa vizuri, na anauliza kwa nini mwanawe wa mwisho anakaa miezi bila kuandika. Nimemjibu kwamba mwanao siku hizi ni daktari wa kijiji kizima cha ujamaa huko Nachingwea, hana nafasi na wazee. Agnesi mkeo hajambo? Mwambie kitambaa alichoagiza hakijaonekana dukani, avumilie kama tunavyovumilia wote.

Kama kawaida anayesema ni mimi na anayeandika ni Benedikta, mwenzangu wa chumba. Leo samaki wake wa kukaanga wameisha mapema, ndiyo maana amepata nafasi. Karatasi ikinuka samaki, umjue mwenye kosa.

Sasa nikueleze. Jumanne nilikuwa barazani kwa Onesphory nanyoosha sare za shule nilizoshona, kwa pasi ya mkaa. Nikasikia harufu ya nyama inaungua. Nikamtukana moyoni huyo anayechoma mishikaki asubuhi yote ile. Kumbe nyama ni mimi. Mkono wa kushoto, chini ya kidole cha mwisho, umeegemea pasi na mimi sina habari. Hapakuuma. Hata leo kidonda kipo na hakiumi. Na juu ya kiwiko kuna baka limepauka tangu mwaka jana, nililidhani utangotango tu.

Benedikta akanipeleka kwa Mzee Uwesu wa Liwale, anayeuza mizizi Mtaa wa Msimbazi. Usikunje uso, nakuona kutoka hapa. Ni mtu mstaarabu. Aliushika mkono wangu akautazama kwa muda mrefu kuliko daktari yeyote aliyewahi kunitazama. Akasema damu imelala upande huo, akanipa mizizi ya kunawia na kuniambia nirudi baada ya wiki mbili.

Celina wa chumba cha mbele, yule mhudumu wa wodi, alicheka mpaka akashika ukuta. "Candida, safari ijayo atakunywesha unga wa mijusi." Benedikta akamjia juu. "Hao madaktari wako walinirudishia mwanangu nikamzike. Uwesu ndiye aliyemsimamisha. Leo Vitalis wangu ni askari Songea, nenda kamuulize." Wakanuniana mpaka leo Jumapili, na mimi katikati yao nimebeba mkono.

Wewe uliyesoma unasemaje? Mgongo uliokubeba ndio unaouliza.

Dada yako,
Candida

Na mimi mwandishi nakusalimu, Daktari. Dada yako anachukua maneno mengi kuliko karatasi. Usihofu, namtunza. — Benedikta


Zahanati ya Kijiji cha Ujamaa Namkonda,
Nachingwea
9 Machi 1975

Dada Candida, shikamoo.

Milele amina. Barua yako imenifikia jana, imechakaa kama iliyotembea kwa miguu. Sisi hatujambo. Agnesi ni mjamzito, miezi mitatu, nilitaka uwe wa kwanza kujua baada ya Mama. Hapa tumemaliza kuhamia kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari kama darasani na kila mtu anagombana na jirani mpya. Mvua imeanza kwa nguvu. Wanasema kivuko cha Rufiji kitafungwa wakati wowote, kwa hiyo barua zikichelewa usidhani nimekusahau.

Sasa Dada, nisikilize, na Dada Benedikta asome polepole.

Achana na mizizi. Huyo Uwesu simjui, lakini wa aina yake nawajua, ninao wanne hapa kijijini. Wanauza matumaini kwa fungu. Fanya hivi: fumba macho, Benedikta achukue unyoya wa kuku aupitishe juu ya lile baka, kisha kwenye ngozi nzima. Kama kwenye baka husikii kitu, usingoje hata siku moja.

Inawezekana ni ukoma. Nimeliandika neno lenyewe kwa sababu nakuheshimu. Si laana, hakuna aliyekufanyia kitu, na Mungu hajakuacha. Ni ugonjwa kama mwingine, una vidonge, na anayevimeza mapema anapona na vidole vyake vyote kumi. Anayechelewa, mishipa inakufa na vidole vinajikunja, na hapo sina la kukusaidia, wala mimi wala mtu mwingine. Wewe unakula kwa vidole hivyo. Nenda hospitali kabla ya Pasaka.

Nakumbuka ulivyokuwa unabeba ndizi sokoni ili mimi niende shule wewe ubaki. Basi elimu hiyo ndiyo hii nakurudishia. Itumie.

Mdogo wako,
Theophil


Kupitia Duka la Onesphory,
Mchafukoge, Dar es Salaam
20 Aprili 1975

Kwa mdogo wangu Theophil,

Kristo amefufuka! Habari ya Agnesi imenifanya nipige vigelegele barazani, Onesphory akadhani kuna mteja ameibiwa. Nimemwandikia Mama. Asibebe ndoo, na wewe usijifanye daktari mbele ya wagonjwa tu, chota maji.

Barua yako Benedikta amenisomea mara mbili. Nimefurahi kusikia unasema ni uchovu wa cherehani, damu haitembei, nipake mafuta ya nazi na nipunguze kazi. Kupunguza kazi siwezi, lakini mafuta napaka. Nilitarajia ungemsema vibaya Mzee Uwesu, kumbe umekua. Zile wiki mbili zilipofika nilitaka kurudi kwake, Benedikta akakataa nisipoteze siku ya kazi, akaenda yeye. Amerudi na dawa nyingine, majani ya kuchemsha. Kila asubuhi kabla ya kwenda Feri kununua samaki ananiosha mkono kwa maji yake. Naona baka limefifia kidogo, au macho yangu yanataka lififie.

Ganzi ipo. Lakini umesema itachukua muda, kwa hiyo nasubiri.

Dada yako,
Candida

Daktari, hapa naandika mimi peke yangu. Dada yako yuko bombani na ndoo. Lile neno sikumsomea. Mafuta ya nazi na uchovu wa cherehani nimetunga mimi. Nihukumu, lakini kwanza unisikie. Nilikuwa na dada, Euphrasia, kwetu karibu na Ndanda. Alipotokwa na mabaka wakampeleka kwenye kambi ya wakoma ng'ambo ya mto. Mama alichoma mkeka wake na kibuyu chake, na sisi watoto tukakatazwa kumtaja. Sikumwona tena mpaka nilipoambiwa amezikwa. Hapa tunapanga vyumba sita mlango kwa mlango. Celina mdomo wake hauna kizuizi. Mwenye nyumba akisikia, kitanda cha Candida kitakuwa barabarani kabla ya jua kuzama, na nani atampa nguo zake ashone? Niachie. Majani yatamponya. Nimekuomba. — Benedikta


Namkonda, Nachingwea
2 Juni 1975

Dada, shikamoo.

Barabara imefunguka juzi na barua yako ya Aprili imefika jana. Sisi wazima. Agnesi anatapika kila kitu isipokuwa muhogo. Endelea kujitunza, nitakuandikia zaidi.

Benedikta, kuanzia hapa ni wewe. Jifanye unamsomea habari za mvua ukitaka, unajua kutunga.

Nimekaa na barua yako usiku kucha. Nani amekupa ruhusa? Dada yangu anakupa macho yake umsomee, wewe unamfumba! Wiki sita kivuko kimefungwa, wiki sita nadhani amemeza vidonge, kumbe anaoshwa kwa majani. Nakuhakikishia kambi za kufungia watu si za leo, siku hizi mgonjwa anapewa vidonge anakwenda zake nyumbani. Lakini hata kama zingekuwepo, mkono ni wake, si wako.

Na usidhani hujanifunga na mimi. Nimwandikie Onesphory? Ataisoma juu ya kaunta, na nusu ya Kariakoo itajua kabla Dada hajajua. Nije mwenyewe? Zahanati hii ina mtu mmoja na ni mimi. Nimeomba likizo, wilayani wamenijibu Desemba. Kila ninachomwandikia kinapita mdomoni mwako.

Huyo Uwesu wako ningemkuta ningemmwagia mizizi yake mtaroni.

Nimemaliza kufoka. Sasa nakuomba, Dada Benedikta. Sina mama hapo mjini, nina yeye. Msomee. Hata kama utalia ukisoma, msomee.

Theophil


Kupitia Duka la Onesphory,
Mchafukoge, Dar es Salaam
13 Julai 1975

Kwa mdogo wangu Theophil,

Amani iwe nawe. Barua yako safari hii ilikuwa fupi sana, maneno manne na muhogo. Mama anasema kahawa imepata ugonjwa upande wa jirani yetu Kasmir, kwetu bado. Jengo jipya la soko letu la Kariakoo linakaribia kwisha, limepanda juu kama miamvuli ya zege, watu wanapita wameinua shingo wanagongana.

Mkono wangu si mzuri. Kidole cha mwisho kimeanza kujikunja na cha pete kinakifuata. Nikisukuma kitambaa chini ya sindano kinateleza. Wiki iliyopita nimeharibu kola tatu, Onesphory akazitazama tu, akaziweka kando. Ningependa angesema. Benedikta ananinyoosha vidole kila siku kwa mafuta, vinanyooka, akiachia vinarudi. Siku hizi analia akikaanga samaki, nikimuuliza anasema ni moshi. Moshi haukuwahi kumliza miaka yote.

Nina habari moja nzuri. Nimejiandikisha kisomo cha watu wazima pale ofisi ya tawi la TANU, mara tatu kwa wiki, saa kumi jioni. Mwalimu wetu Augustino ni kijana wa posta, anatusahihisha kwa kusema "karibu sana, Mama," hata kama hukukaribia popote. Namba nilizijua kwa sababu ya futi ya kupimia nguo, sasa najua na herufi karibu zote. Nasoma vibao vya maduka kwa sauti mpaka watu wanageuka. Barua zako zote ziko kwenye kopo langu la biskuti. Siku nitakayoweza, nitazisoma moja moja kuanzia ya kwanza, nisikie sauti yako mwenyewe bila kumchosha Benedikta.

Dada yako,
Candida

Daktari. Barua yako nimeisoma. Nimejaribu mara tatu kumwambia, mdomo unakataa. Hilo la kopo la biskuti nimeliandika kama alivyolisema. Ningeweza kuliruka, asingejua. Sikuliruka. — B.


Namkonda
5 Agosti 1975

DADA.
SHIKAMOO.
NI MIMI THEO.
SOMA WEWE. USIPE MTU.
FUNGUA KOPO LA BISKUTI.
TAFUTA BARUA YA 9 MACHI.
SOMA POLEPOLE. SOMA YOTE.
KISHA NENDA HOSPITALI.
USIOGOPE. DAWA IPO.
NAKUPENDA.


Dar es Salaam
21 Septemba 1975

Theo,

Hii naandika mimi. Mkono wa kulia ni mzima. Herufi zangu ni kubwa kama meza, nimetumia karatasi sita. Usicheke.

Barua yako Onesphory alinipa mkononi. Nikaisoma barazani. Nilidhani umepata wazimu. Jioni nikafungua kopo. Ile ya Machi nimeisoma siku nne. Neno moja, napumzika, neno jingine. Siku ya tatu nikafika kwenye lile neno. Nikalisoma u, ko, ma. Nikasema haiwezi kuwa. Nikaanza upya kutoka "shikamoo".

Siku ya nne Benedikta alinikuta nimekaa chini na barua. Alitua karai la samaki akakaa mlangoni. Nikamsomea mimi. Nilimsomea yote kwa sauti, na kidole, na yeye alingoja mpaka mwisho, bila kunisaidia hata pale nilipokwama. Kisha akasema, "Ndivyo ilivyoandikwa."

Nikamwuliza kwa nini hakuzichoma hizo barua. Akasema, "Ni za ndugu yako."

Sikumsemesha siku mbili. Siku ya tatu tukaenda hospitali pamoja. Daktari alinigusa kwa pamba na kwa sindano, akanikwangua ngozi kidogo sikioni. Ni ukoma, kama ulivyosema. Vidonge vyeupe, kimoja kila siku, miaka si miezi. Nalala nyumbani, nafanya kazi. Baka litakwisha. Vidole viwili havitarudi. Ningekuja Machi, alisema, vingebaki. Benedikta alikuwa amesimama pale akayasikia hayo. Wakampima na yeye. Ni mzima.

Tuliporudi nilipita Msimbazi peke yangu, nina hasira. Nilitaka kummwagia Mzee Uwesu mizizi yake kwa mkono wangu. Akanikaribisha kwenye kibao. Akanitazama vidole, akasikitika, akasema, "Mama, mbona umechelewa hivi? Mimi yule mwenzio alipokuja mwezi wa tatu nilimwambia, ngozi isiyosikia si kazi yangu, mpelekeni hospitali upesi. Sikumpa kitu."

Theo, hakumpa kitu. Yale majani ya kila asubuhi yalikuwa ya mpera. Benedikta aliyachuma mwenyewe kwenye ua wa kanisa.

Nimechoka kuandika. Nina furaha kuandika. Vyote viwili.

Dada yako,
Candida


Namkonda, Nachingwea
19 Oktoba 1975

Dada, shikamoo.

Nimesoma karatasi zako sita mbele ya Agnesi, na tulipofika "u, ko, ma" nikampa yeye amalizie. Hujawahi kuniona nikilia tangu utotoni na heri hukuwepo. Tumepata binti tarehe 30 Agosti, mkubwa, ana sauti ya mwenyekiti wa kijiji. Bado hatujampa jina, tunangoja Mama aseme.

Umeze kidonge kila siku, Dada, hata siku unayojisikia mzima. Hasa siku hiyo. Uuangalie mkono wako kila jioni kwa macho kwa sababu wenyewe hautakuambia ukijeruhiwa. Shika pasi kwa kitambaa kinene. Na wakikuonyesha mazoezi ya vidole, yafanye, visizidi kujikunja.

Mzee Uwesu nimemkosea. Nilimtukana kwa maneno ambayo hakuyasikia, lakini mimi niliyaandika. Ukipita Msimbazi mwambie yupo kijana Nachingwea anamwomba radhi. Nikuambie na jingine, usimwambie mtu. Kabati langu la dawa ni tupu tangu Julai. Vidonge vya malaria vimekwisha na gari la wilaya halina petroli. Agnesi aliposhikwa na homa, mwezi mmoja kabla ya kujifungua, nilifunga mlango wa jiko nikamchemshia mwarobaini, mimi ninayewahubiria watu hapa kila Jumatano waache miti shamba. Akapona. Nilipofungua mlango nikamkuta mmoja wa wale waganga wanne amekaa barazani kwangu, amesikia harufu. Alitabasamu, na tangu hapo ananisalimia "mwenzangu".

Lakini Benedikta ni jambo jingine, na hapo sirudi nyuma. Uwesu alimwambia ukweli, mimi nilimwambia ukweli, akaficha wa pande zote mbili. Vidole viwili, Dada! Vya mshonaji! Sitaki umwamini tena hata kwa maji ya kunywa. Onesphory anaweza kukutafutia chumba upande wa Mchafukoge, muulize. Au rudi Kilema ukae na Mama, vidonge utapata huko. Hamisha vitu vyako. Na katika barua zako usinitajie jina lake.

Mdogo wako,
Theophil


Dar es Salaam
16 Novemba 1975

Theo wangu,

Marahaba. Mbusu huyo mwenyekiti wa kijiji. Mama amesema aitwe Angelina, jina la bibi yetu, na mimi nimekubali ingawa hakuna aliyeniuliza. Nimemshonea gauni. Nimejifunza kusukuma kitambaa kwa kiganja badala ya vidole. Pindo limekwenda upande, avae hivyo hivyo. Onesphory amenirudishia kazi ya sare, za wavulana tu, kwa sababu hazina marinda. Salamu zako Mzee Uwesu nimezifikisha. Amecheka, akasema nikuambie mwarobaini usichemshe mpaka uwe mweusi.

Sasa tuzungumze hilo la kuhama.

Nimeisoma barua yako mara mbili, yote, hata pale ulipobonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka. Una haki ya kukasirika. Mimi pia nimekasirika, na sijamaliza. Juzi sindano ilinikataa mara tano kupitisha uzi, nikaurusha mkasi ukutani, nikamwambia Benedikta maneno ambayo sitakuandikia. Alisikiliza, akaokota mkasi, akapitisha uzi. Kuna siku nitamwambia tena.

Lakini hujui nilichokiona mimi. Baada ya hospitali nilimwuliza swali moja tu. "Ulipojua, hukuogopa?" Akasema, "Niliogopa kila siku. Nilikuwa naota Euphrasia ananiita ng'ambo ya mto, na mimi nina mabaka."

Fikiri, Theo. Wewe unajua ugonjwa huu hauruki ovyo. Umesomea. Yeye alichojua ni mkeka unaowaka moto. Aliamini kabisa kwamba anayegusana na mkoma anakuwa mkoma, na tangu Machi aliamini mimi ni mkoma. Basi nikaanza kukumbuka miezi ile yote kutafuta lini alijitenga. Tulikula sahani moja, asubuhi na jioni. Kikombe ni kimoja, tuna kimoja. Kidonda changu alikiosha kwa mikono mitupu na yale majani yake ya kijinga. Masika godoro langu lilipolowa, alisogea ukutani akasema, "Lala hapa," nami nikalala mgongo kwa mgongo naye wiki nzima, nikakoroma, na yeye nadhani hakufumba macho.

Kosa lake ni kubwa na lipo mkononi mwangu, nitaliona kila nikishona mpaka nife. Ila wewe uliniambia nisiogope ukiwa Nachingwea, na dawa unaijua. Yeye hakuamini kama dawa ipo, na hakuhama.

Kwa hiyo mimi pia sihami.

Kila asubuhi kabla ya kwenda Feri ananiletea kidonge na maji, anasimama mpaka nimeze, kisha ananiambia nifungue mdomo aone, mwanamke mzima. Celina tumemwambia wenyewe. Safari hii hakucheka, akasema hospitalini kwao wapo wengi na anajua foleni iliyo fupi. Kwa mwenye nyumba hajafungua mdomo mpaka leo, na Benedikta amemwomba radhi kwa kumdhania.

Desemba ukija likizo utafikia kwetu. Utakula samaki wake, na utamwamkia, amekuzidi umri. Na barua yako inayofuata umsalimu kwa jina lake. Siku hizi mimi ndiye ninayemsomea, nitaona kama umemruka.

Dada yako,
Candida